Embe dodo ina yuniti ngapi?

Msimu wa embe ukianza, Novemba hivi mpaka Februari, benchi la kliniki ya kisukari linagawanyika pande mbili. Kuna wale wa "matunda ni ya asili bwana, Mungu kaumba mwenyewe, kula tu", halafu kuna wale wa "embe?? we unataka kufa? embe usiguse, ndizi usiguse, papai kidogo, tikiti labda". Na wote wanaongea kwa uhakika utadhani wamesomea. Mimi nina kisukari aina ya kwanza, ile ambayo kongosho haitengenezi insulini, naichoma kwa sindano kila siku toka niko shule (dozi yake inahesabiwa kwa yuniti), na naona pande zote mbili zinakosea kwa namna moja: hakuna anayeuliza embe gani, gramu ngapi, na wewe unachoma insulini ipi.

Tuanze na embe gani. Mtu akikwambia "kula embe moja kwa siku" hajakwambia kitu. Embe ng'ong'o ndogo ukishaitoa ganda na kokwa unaweza kubaki na nyama ya gramu 80 tu, na nusu yake imekwama kwenye meno. Dodo lile kubwa la kujaza mkono, la gramu 600 hivi, linakupa nyama kama gramu 400. Sasa nyama ya embe mbivu ina wanga kama gramu 15 kwa kila gramu 100 (nikisema wanga humu namaanisha vyote, sukari ya tunda na wanga wenyewe, manake kwenye hesabu ya sindano tunavijumlisha). Kwa hiyo ng'ong'o ni gramu 12 za wanga, dodo ni gramu 60. Gramu 60 ni sawa na wali uliopikwa gramu 200 na ushee, yaani sahani kabisa ya wali. Na sijawahi kuona mtu anapiga sahani ya wali saa kumi jioni halafu anasema nimeonja kidogo tu.

Ndo maana mi nasema nunua mzani. Ule mdogo wa digitali wa jikoni, wanaotumia watu wa keki, Kariakoo umejaa. Huhitaji kupima maisha yako yote, pima msimu mmoja tu mpaka jicho lizoee, baada ya hapo ukiona kipande cha papai unajua tu hiki ni gramu 200. Na unapima nyama, siyo tunda zima. Kama umeshalikata na unaona uvivu kutenganisha, pima tunda zima kwanza, kula, kisha pima maganda na kokwa, utoe. Hii ya pili ina shida moja, unajua gramu wakati umeshakula, na sindano ilitakiwa itangulie, kwa hiyo ni ya kujifunzia tu siyo ya kila siku.

Namba zenyewe nilizoziweka kichwani, kwa gramu 100 za nyama ya tunda: tikiti maji ni 8 hivi, papai 11, chungwa 12, nanasi 13, tufaha 14, embe 15, zabibu 18, ndizi mbivu na fenesi zote mbili zinagonga 23. Pera lina 14 lakini kama 5 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, ambazo hazigeuki kuwa sukari kwenye damu, kwa hiyo pera ni rafiki kuliko watu wanavyodhani. Parachichi ndo kabisa, lina kama 9 na 7 kati yake ni nyuzinyuzi, mi silichomei kitu nikila nusu. Tende kavu ni habari nyingine, 75 kwa 100, nitairudia. Ukitaka za vyakula vingine, Tanzania tuna jedwali la vyakula la mwaka 2008 walilotengeneza Muhimbili pamoja na taasisi ya lishe na Harvard, na Kenya wana la kwao la 2018, yote yanapatikana bure mtandaoni na yana vyakula vyetu, siyo zile programu za simu ambazo ukiandika fenesi zinakuuliza ulimaanisha nini.

Mtaona tikiti maji liko chini sana. Watu wengi wanalikimbia kwa sababu wamesikia "linapandisha haraka", na ni kweli linapanda haraka, lakini gramu 100 za tikiti zina wanga kidogo kuliko vijiko viwili vya sukari. Tatizo la tikiti ni kwamba hakuna anayekula gramu 100. Kile kipande cha mtaani kilichokatwa mwezi mchanga kinaweza kuwa na nyama gramu 300 na mtu anakula viwili kwa sababu jua kali. Haraka na wingi ni vitu viwili tofauti, mwenye kisukari lazima avitenganishe kichwani. Wingi ndo unakupa idadi ya yuniti. Haraka ndo inakwambia uchome saa ngapi.

Haya, yuniti. Hesabu yenyewe siyo ngumu, nashangaa kwa nini kliniki nyingi hazifundishi. Kwanza unatakiwa ujue yuniti moja ya insulini yako ya chakula, ile unayochoma kabla ya kula, inafunika gramu ngapi za wanga. Kwa kuanzia watu wanatumia 500, unaigawa kwa jumla ya insulini yote unayochoma kwa siku, ya muda mrefu na ya chakula zote ukizijumlisha. Chukulia dada anachoma jumla yuniti 40 kwa siku. 500 gawanya kwa 40 ni 12.5. Maana yake kwake yeye yuniti 1 inabeba gramu 12 na nusu za wanga. Halafu kuna namba ya kurekebisha, hapo unachukua 100 unaigawa kwa hiyohiyo 40, unapata 2.5, yaani yuniti 1 inamshushia sukari kwa 2.5 kwenye kipimo chetu cha milimoli (wanaotumia mashine za miligramu wanaanza na 1800 badala ya 100). Hizo ni za insulini ya haraka, zile za peni kama NovoRapid na Humalog. Kama ni ile ya kawaida, soluble, Actrapid, wengi wanaanza na 450 kwa wanga.

Sasa huyo dada anataka embe, amekata nyama gramu 180. 180 mara 15 gawanya kwa 100 ni gramu 27 za wanga. 27 gawanya kwa 12.5 ni 2.16. Amepima sukari iko 9.5 na anataka iwe 6.5, imezidi 3, gawanya kwa 2.5 ni 1.2. Jumlisha unapata 3.4 hivi, anachoma 3. Unapunguza kwenda chini siyo kwenda juu, hasa kama unajifunza, manake sukari ya 9 baada ya saa mbili haijawahi kumuangusha mtu barabarani lakini ya 2.5 inaangusha.

Naomba hapa nisieleweke vibaya, hizo 500 na 100 ni mahali pa kuanzia tu, siyo namba zako. Asubuhi wengi insulini inafanya kazi vibaya, mtu huyohuyo anaweza kuwa na gramu 8 kwa yuniti saa moja asubuhi na gramu 14 mchana. Ukiwa umetembea sana, umelima, umecheza mpira, sukari inashuka zaidi. Ukiwa na malaria au homa inapanda. Mjamzito ni hesabu nyingine kabisa. Nenda na daftari lako kwa daktari wako, wiki mbili za namba zilizoandikwa, sukari kabla, umekula nini gramu ngapi, umechoma ngapi, sukari baada ya saa mbili, ndo mkae mtafute namba yako. Daktari akiona daftari kama hilo anaamka kwenye kiti.

Halafu kuna jambo la bomba la sindano ambalo sijawahi kuona mtu analiongelea. Bomba la mililita 1, lile la yuniti 100, mistari yake inaruka mbilimbili. Mbili, nne, sita. Sasa we umekokotoa 3.4 ukapata 3, unazipimaje? Unakisia katikati ya mistari huku umeshika bomba juu kwenye mwanga. Bomba dogo la nusu mililita lina mstari kwa kila yuniti moja, tafuta hilo kama dozi zako ni ndogo. Na kama hulipati, geuza hesabu. Badala ya kula tunda halafu utafute dozi, shika dozi halafu utafute tunda linaloienea. Kwa huyo dada yetu yuniti 2 ni gramu 25 za wanga. Gramu 25 ni embe gramu 165, au nanasi gramu 190, au papai gramu 225, au tikiti zaidi ya gramu 300, au nyama ya ndizi mbivu gramu 110, ambayo ni ndizi moja ya kawaida ya kati, au ndizi kisukari mbili au mbili na nusu kutegemea ukubwa (ndiyo, zinaitwa hivyo, wauza matunda wa sokoni wanacheka kila nikiziulizia). Ukiwa na kikaratasi cha hivyo kimebandikwa kwenye friji huna haja ya kalkuleta kila siku, unachagua tu leo yuniti zangu mbili nazila kwa tunda gani.

Huu mtindo wa kula unachotaka halafu dozi ifuate haukuanzia kwenye simu. Wajerumani wa Düsseldorf walikuwa wanawafundisha wagonjwa wao hivyo miaka ya 1980, wanakaa siku tano wanajifunza kuhesabu wanga na kujipangia dozi wenyewe. Waingereza wakauchukua wakauita DAFNE, utafiti wao ukatoka 2002, na waliofundishwa kipimo chao cha wastani wa sukari wa miezi kikashuka, na wakasema maisha yamekuwa mepesi, wanakula kwa uhuru zaidi. Kabla ya hapo ilikuwa ni mlo uleule, saa ileile, na tunda ni robo ya epo.

Lakini sasa, na hapa ndo naomba mnisikilize, wale wa DAFNE wana sindano mbili tofauti. Moja ya msingi, ya muda mrefu, na nyingine ya chakula. Ya chakula unaipandisha na kuishusha unavyotaka bila kugusa ya msingi. Wenzetu wangapi hapa wako hivyo? Wengi wanachoma Mixtard asubuhi na jioni, ile ya mawingu, asilimia 30 ni ya kawaida na asilimia 70 ni ya muda wa kati, NPH. Mtu wa Mixtard akisoma maelezo ya mzungu wa pampu ya insulini halafu akaongeza yuniti 3 kwa ajili ya embe ya saa moja usiku, kwenye hizo 3 karibu 2 ni NPH, na NPH inaanza kupamba moto baada ya saa nne hivi na kuendelea. Embe imeshaisha zamani, yeye amelala, insulini ndo inaamka. Saa nane za usiku anatoka jasho na shuka limelowa. Embe hapo haina kosa lolote.

Mimi nilikaa kwenye Mixtard miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye sindano nne, na matunda nilikuwa nakula. Ila unakula kwa njia nyingine. Kwanza, unabadilishana: dozi yako ya jioni imepangwa kwa, tuseme, gramu 60 za wanga, basi ukitaka embe gramu 165 unaondoa gramu 25 kwenye wali, ambayo ni wali gramu 90 hivi, kama mwiko mmoja. Jumla inabaki ileile na sindano inabaki ileile. Pili, unaitumia ile NPH badala ya kuiogopa. Ukichoma saa moja asubuhi, kuanzia saa tano hivi ile ya kati inafanya kazi kwa nguvu, na ndo muda wengi wanaanza kutetemeka ofisini. Tunda la saa nne na nusu au saa tano, gramu 15 mpaka 20 za wanga, chungwa moja kubwa au kipande cha papai, halihitaji sindano yoyote, sindano yake uliichoma asubuhi. Kwa mtu wa Mixtard tunda la saa tano siyo anasa, ni sehemu ya dozi. Akiambiwa "acha matunda kabisa" na dozi ikabaki vilevile, amepelekwa kwenye kushuka kwa sukari.

Na wa insulini ya kawaida, Actrapid, wana tatizo lao la saa. Ile inachelewa kuanza kama nusu saa, inafika kileleni kati ya saa mbili na saa nne tangu uchome, na mkia wake unaenda mpaka saa sita au nane tangu uchome. Embe ikiliwa peke yake, tumbo tupu, inapanda ndani ya nusu saa mpaka saa moja. Unaona zilivyopishana. Baada ya saa moja unapima uko 14, unachanganyikiwa, unaongeza yuniti. Baada ya saa tatu dozi ya kwanza inafika kileleni, na ya pili inakuja nyuma yake, unaporomoka. Hii ya kurundika dozi juu ya dozi imewapeleka watu hospitali kuliko tunda lenyewe. Kwa Actrapid chomeni nusu saa kabla, na tunda liwe mwishoni mwa mlo, siyo mwanzo na siyo peke yake, liingie likute tayari kuna mboga, maharage, samaki. Mimi nimejipima kwa njia zote, embe ileile, gramu zilezile, ikija baada ya maharage na mchicha inapanda taratibu kama mtu anayepanda mlima na mzigo, ikija peke yake asubuhi inaruka. Kwenye insulini ya haraka ya peni, dakika 10 mpaka 20 kabla zinatosha, lakini bado mpangilio uleule unasaidia. Kama sukari yako kabla ya kula iko 4 na kitu basi usisubiri dakika zozote, choma na kula hapohapo.

Kuiva nako kunahusika. Ndizi mbivu yenye madoa meusi na ile ya njano yenye ncha za kijani zina wanga unaokaribiana kwa gramu, ila kwenye ile ya kijani sehemu yake bado ni wanga mgumu wa kuvunjwa, kwenye yenye madoa umeshageuka sukari. Yuniti karibu zilezile, kasi tofauti. Kwa hiyo shangazi yangu anaposema "chagua ndizi isiyoiva sana mwanangu" yuko sahihi, japo sababu anayoitoa (eti ile ina dawa) tumuachie mwenyewe.

Juisi mi siiti tunda. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa ni machungwa matatu au manne, wanga gramu 26 hivi, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, na unaimaliza kwa mikupuo mitatu. Hapo ni ile isiyoongezwa sukari. Ya embe ya kwenye shughuli hujui imeongezwa vijiko vingapi, na mama wa jikoni naye hajui, kamwaga mfuko. Juisi ya miwa usiniulize. Dafu ni jepesi kuliko linavyosemwa, maji yake yana kama gramu 4 kwa mililita 100, ila dafu moja linaweza kuwa na mililita 300 na kitu, piga hesabu mwenyewe.

Tende sasa, manake Ramadhani watu wananiuliza sana. Kwanza aina ya kwanza kufunga ni hatari, zungumza na daktari mapema kabla ya mwezi kuandama, siyo siku ya kwanza ya mfungo. Waliopewa ruhusa na mpango, kaangalieni ukubwa wa tende. Zile ndogo kavu za sokoni, nyama yake gramu 8 hivi, kila moja ni gramu 6 za wanga, tatu za kufuturia ni 18. Zile Medjool kubwa za kwenye boksi, moja inaweza kuwa gramu 24, hiyo ni gramu 18 za wanga peke yake, na tatu ni 54. Watu wawili wamekula "tende tatu", mmoja amekula mara tatu ya mwenzake, na bado uji na kaimati havijafika mezani.

Kitu kingine ambacho naona kinawachanganya wengi mpaka wanalaumu embe bure: vidole. Umemenya embe, maji yake yamekauka kwenye ncha ya kidole, unatoboa hapohapo unapima, mashine inakuonyesha 18. Siyo damu yako, ni embe iliyoko kwenye ngozi. Kuna utafiti wa Wajapani wa 2011, waliwamenyesha watu machungwa, zabibu na kiwi kisha wakawapima bila kunawa, mashine zikapanda ajabu, na hata baada ya kufuta kidole kwa spiriti bado zilikuwa juu. Waliponawa kwa maji zikarudi sawa. Sasa mtu anayechoma yuniti 4 za kurekebisha 18 ambayo haipo, unajua anakoelekea. Nawa kwa maji na sabuni, kausha vizuri. Kama hakuna maji, futa tone la kwanza tumia la pili, siyo sawa na kunawa lakini ni bora.

Na kama umepima gramu sawa, umehesabu sawa, umechoma kwa wakati, na bado kila siku uko juu, angalia chupa. Insulini iliyokaa kwenye mkoba ndani ya gari la Dar mwezi wa pili imeshapikwa. Iliyofunguliwa inakaa mwezi mmoja hivi kwenye joto la kawaida lisilozidi 30, na nyumba nyingi za bati mchana zinapita hapo. Anayeishi pasipo friji chungu cha udongo chenye mchanga na maji kinasaidia sana, kliniki nyingi wanakifundisha. Hesabu zote hizo hazina maana kama kilichomo ndani ya bomba ni maji.

Aina ya pili mnaotumia vidonge tu, metformin na kadhalika, hamna yuniti za kukokotoa lakini gramu ni zilezile. Gramu 15 mpaka 20 za wanga wa tunda kwa mkupuo mmoja, upime baada ya saa mbili, kama uko chini ya 10 umepata kipimo chako cha tunda hilo. Stripu za mashine ya kupimia ni ghali najua, kwa hiyo usipime kila siku, pima tunda moja jipya mara moja, andika, halafu lichukulie hivyo mpaka msimu uishe.

La mwisho ni sukari ikishuka, kwa sababu huwa naona mtu anatetemeka, jasho linamtoka, ndugu wanamkimbilia na embe au ndizi. Gramu 100 za embe zina wanga 15, ndiyo, kwenye karatasi zinatosha. Lakini mpaka atafune, zipite tumboni na nyuzinyuzi zake, na sehemu nzuri ya sukari ya tunda ni fruktosi ambayo inalazimika kupita kwenye ini kwanza, dakika zinaenda. Chini ya 4 unahitaji sukari yenyewe: vijiko vitatu vya chai kwenye maji kidogo, au soda ya kawaida mililita 150 (siyo zero, jamani, nimeona mtu akipewa zero), subiri dakika 15, pima tena, kama bado iko chini rudia. Karanga na maziwa havifai kwa hatua hiyo, vinachelewa. Na aliyepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, kimbiza hospitali. Ikishapanda juu ya 4 na mlo uko mbali, ndo muda wa tunda, na hapo nakula embe yangu gramu 100 bila sindano yoyote, inanishikilia mpaka chakula kiive.